Viatu Vyangu Viligawiwa Nikiwa Hai

Nilitoka hospitali nikiwa na chuma kwenye nyonga, fremu ya kutembelea na mguu mmoja uliovimba kama mto.

Nilipofika nyumbani nikakuta sina hata kiatu kimoja.

Sisemi vilikuwa vimefichwa, au vimeanikwa juani. Vimegawiwa. Jozi zote. Vya kutokea, vya kazini, hata ndara za bafuni.

Pale chini ya kitanda vilipokaa miaka yote pamefagiwa, peupe, kama chumba kinachongoja mpangaji.

Nikauliza, "Viatu vyangu viko wapi?"

Binti yangu alikuwa anakunja mashuka. Hakugeuka.

"Mama, sasa hivi vya nini? Unaenda wapi?"

Unaenda wapi. Naulizwa hivyo na mtoto niliyemfundisha kutembea mimi mwenyewe.

Viatu vinavyogawiwa ni vya marehemu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia, naona, na nataka chai.

Tuelewane kwanza mimi ni nani. Mtaani wananiita Mama Rangi. Kazi yangu ilikuwa kupaka nyumba rangi, ndani na nje, za chini na za ghorofa. Nilikuwa napanda ngazi na ndoo mkononi, wanaume wamesimama chini wananishikia na kujifanya hawaogopi. Baada ya kuacha kazi niliendelea kujifanyia mambo yangu. Nafua, napika, naenda sokoni, nabeba kikapu changu. Mtu akinipokea kikapu bila kuniuliza tunagombana hapo hapo barabarani.

Ngazi zote zile hazikuniweza. Nikaja kuangushwa na povu la sabuni bafuni kwangu.

Hospitali walinitengeneza vizuri, siwalaumu. Kabla sijaruhusiwa alikuja mama mmoja wa idara ya mazoezi, mfupi, ana sauti ya kuamuru. Akanisimamisha. Nikapiga kelele, akaniacha nipige, kisha akanitembeza mpaka dirishani na kunirudisha.

"Chuma kimekaa sawasawa," akasema. "Kazi iliyobaki ni yako. Tembea kila siku, kidogo kidogo. Inuka kwenye kiti mwenyewe. Kazi ndogo ndogo za nyumbani usiache. Ukilala tu, misuli inakuaga."

Alisema hayo mbele ya mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye alikuja kunichukua. Akaitikia kwa kichwa kila neno.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni huyo binti, namwita Mkubwa. Anafanya kazi kiwanda cha nguo, na anaongea kama anayekudai hata akikuamkia. Wa pili ni wa kiume, Kitinda. Huyo maneno yake ni asali. Kazi ya kueleweka hana. Leo anauza simu, kesho dalali wa vyumba, keshokutwa usimuulize. Anaishi kwangu, chumba cha nyuma.

Nilimpenda Kitinda kwa ule upendo ambao mzazi akiulizwa anaukana.

Jioni ile ile ya viatu, Kitinda akaja akakaa kando ya kitanda, uso umemshuka.

"Mama, daktari amepiga simu. Wameangalia tena ile picha ya nyonga. Chuma hakijashika. Ukisimama tu kinachomoka, na kikichomoka ni kukata mguu."

"Mbona yule mama wa mazoezi alisema nitembee?"

"Yule si daktari, Mama. Huyu ni daktari mwenyewe."

Mtu akitajiwa kukatwa mguu, ubishi unamwisha. Fremu yangu ikaenda nyuma ya mlango. Baadaye ikaenda stoo. Siku moja niliiona mlango ulipoachwa wazi, wameanikia nguo.

Basi nikawa mtu wa kitandani.

Mkubwa alikuja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Ananiogesha kama anayesugua sufuria iliyoungua, haraka haraka, macho pembeni. Nikaomba anipe vitunguu nimenye nikiwa nimekaa, maana mikono yangu haikuwa na chuma chochote. Akanipa. Kabla sijamaliza kimoja akanipokonya kisu.

"Ukijikata je? Pumzika, Mama."

Pumzika. Neno hilo nimelichukia mpaka leo. Nilitaka kukunja nguo zangu, pumzika. Nilitaka kusogea dirishani nione nani anapita, pumzika. Jiko likafungwa kwa ufunguo, eti nisije nikajaribu. Nimepaka rangi nusu ya nyumba za mtaa huu, halafu nafungiwa jiko nililolipaka mwenyewe.

Kitinda yeye alikuwa wa kunilisha. Anakuja na bakuli la uji na kijiko, anaegemeza simu yake kwenye chupa ya chai, anakaa.

"Fungua mdomo, malkia wangu."

"Mikono yangu mizima, we mtoto. Lete hicho kijiko."

"Niache nipate baraka zako, Mama. Usininyime."

"Na hiyo simu?"

"Namtumia shangazi. Anataka akuone unavyoendelea."

Sasa mzazi utamnyima mtoto baraka? Nikafungua mdomo. Kijiko baada ya kijiko. Uji ukinidondokea kidevuni alichelewa kuufuta, nami nikadhani ni uzito wa mkono wa kiume.

Huku mwili unakwisha. Mapaja yangu, yaliyokuwa yananipandisha ghorofani, yakalegea kama gunia lililomwagwa mchele. Nikawa nachoka kwa kugeuka upande tu.

Siku moja nilikuwa peke yangu, mkojo umenibana. Nikasema siwezi kungoja mtu, choo kile pale nakiona. Nikashika ukingo wa kitanda nikainuka. Miguu ikatetemeka mara moja, ikaniketisha chini sakafuni. Pale pale nikajikojolea.

Nikakaa katika maji yangu mpaka Mkubwa aliporudi.

Aliponiona akapiga ukelele, mimi nikaupiga mkubwa kuliko wake. Nilimtolea yote. Nilimwambia amegawa viatu vyangu niko hai. Nilimwambia amenifungia jiko langu. Nilimwambia, "Unanizika polepole, na unaona raha."

 Mkubwa alichukua kitambaa akafuta sakafu, akanibadilisha nguo, akanipandisha kitandani, akaondoka. Midomo ameibana mpaka imekuwa mstari.

Nilifurahi. Nilitaka imuume.

Kitinda alipokuja akanishika mkono, akanipapasa vidole. "Mvumilie, Mama. Hata vile viatu nilimwambia asigawe. Hakunisikia."

Haikupita muda, Kitinda akaniaga. Anasafiri, ameitwa kwenye semina ya kazi mji mwingine. Nikamwombea dua, mwanangu kapata kazi. Semina ikazaa semina. Kila akipiga simu, anasema wamemwomba aongeze siku.

Mkubwa akachukua likizo akahamia kwangu. Tukawa tunaishi kama wapangaji wasiopatana. Analeta chakula, nakula, anatoa sahani.

Asubuhi moja simu yake ikaita. Nikamsikia barazani, "Ndiyo, mimi ni binti yake. Miadi gani? Mbona tuliambiwa imefutwa?"

Akaingia chumbani ameishika simu kama inamuunguza.

"Hospitali wanauliza kwa nini hujaenda. Wanasema walikuwa wanampigia Kitinda, naye anaahirisha. Sasa hapokei, ndiyo wamenipigia mimi."

 Aliita gari, akanibeba, tukaenda.

Sasa nisikilizeni hapa.

Tumekaa kwenye benchi tunangoja zamu. Mwanamke mmoja aliyefungwa mkono bendeji akawa ananitazama. Ananitazama, anaangalia pembeni, ananitazama tena. Mwisho akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Bibi wa kijiko," akasema. "Ni wewe kweli."

"Bibi wa nini?"

"Nyumbani kwetu tunakuombea kila siku. Yule mwanao ni zawadi. Mume wangu nilimwonyesha, nikamwambia tazama mwanamume mwenzio."

Nikamwambia, "Mwanangu, sikuelewi. Umemwonyesha nini?"

Akatoa simu yake akanifungulia.

Nikajiona. Nimelala, nywele hazijachanwa, nimeachama kama kinda la ndege. Uji unanitiririka kidevuni. Wimbo wa huzuni unalia nyuma. Na juu yake pameandikwa: *Mama hawezi tena kushika kijiko.*

Chini, watu hawahesabiki. Mioyo, machozi, dua. Wengine wanaandika, Mungu nipe mtoto kama huyu.

Yule mama akasogeza kidole ikaja nyingine, akidhani ananifurahisha. Viatu vyangu vimepangwa kwenye mkeka, jozi kwa jozi. Kitinda anawagawia watu nisiowajua huku analia. "Mama yangu hatatembea tena," anasema. "Viatu vyake viwasaidie wenzake."

Nikamgeukia Mkubwa. Naye alikuwa anatazama, mkono mdomoni.

"Si wewe uliyegawa?"

"Nilikuta vimeshaondoka, Mama. Aliniambia daktari kasema hutasimama tena maishani, tukuondolee macho viatu usije ukaumia. Hizo picha ndiyo naziona leo."

"Na kisu? Na jiko?"

"Aliniambia ukitingishika chuma kinachomoka. Niliogopa. Kila nikitoka kazini nakuja huku nakimbia, najua nitakuta umekatika."

"Siku ile nakutukana mbona hukusema si wewe?"

 Akasema, macho ameyatupa sakafuni, "Wewe yule unampenda. Nikaona bora unichukie mimi, ubaki na mmoja."

Wenzangu, damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Sikujua nimlilie huyu aliyeko mbele yangu au nimtafute yule aliyeko mbali nimvunje mguu tuwe sawa.

Tukaitwa ndani. Yule mama mfupi wa mazoezi alinishika paja, akabonyeza, akaniangalia.

"Nani alikulaza?"

"Daktari alipiga simu."

"Daktari yupi? Hapa hakuna aliyepiga. Chuma kiko imara tangu siku ya kwanza. Kilichoharibika ni miguu yako yenyewe, na imeharibiwa na kitanda." Akamgeukia Mkubwa kwa ukali ule ule. "Na wewe, kumbeba basi. Akikuita, nenda. Asipokuita, kaa chini."

Njiani kurudi nilimwambia Mkubwa jambo moja. Kitinda akipiga simu, jibu ni fupi: Mama yupo. Hakuna zaidi.

Fremu ikatoka stoo.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza nilisimama nimeshika ukingo wa sinki, nikajaribu kuinua visigino, nikatukana matusi ambayo sikuwa nimeyatumia tangu enzi za kazi. Kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kuvutwa kulinichukua siku nyingi za hasira. Na nawaambia kweli, hasira ndiyo iliniinua. Kila nikikaribia kukata tamaa naikumbuka ile midomo yangu imeachama kwenye simu ya mtu.

Mkubwa ndiye aliyeteseka zaidi. Nikiyumba, mkono wake unakuja wenyewe.

"Rudisha mkono," namwambia.

"Utaanguka."

"Sijaanguka. Rudisha."

Akawa anakalia viganja vyake kwenye kiti, macho yamemtoka, huku mimi navuka sebule kama anayevuka mto. Siku moja nilifika ukutani, nikageuka, nikamkuta anacheka na kulia kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwangu tangu niumie.

Nyumba tukaibadilisha. Fundi wa kuchomelea akaja akafunga vyuma vya kushika, kimoja kando ya choo, kingine pale ninapoogea. Zulia la sebuleni lililokuwa linanasa vidole tukalikunja. Kitanda kikainuliwa kwa matofali ili nisishuke kama natoka shimoni. Taa ya ukumbini iliyokufa siku nyingi ikabadilishwa.

Rangi nilisema ni yangu. Nikakaa kwenye kigoda na brashi, nikapaka ukingo wa kila kidato cha ngazi za barazani mstari wa manjano, macho yangu yaone wapi panaishia. Sakafu ya bafuni nikaipaka rangi ya mafuta, na kabla haijakauka nikainyunyizia mchanga laini uliochekechwa. Ikikauka inakwaruza kidogo, unyayo unashika, povu lote likamwagike. Mkubwa alinisogezea kopo tu. Kazi nilifanya mimi.

Na jiko likafunguliwa. Nikamenya vitunguu vyangu, nikalia, hakuna aliyenipokonya kitu.

Fremu nikaiacha, nikashika fimbo.

Kitinda alirudi bila taarifa. Alitaka nishtuke, machozi yapatikane. Nilikuwa jikoni nachemsha chai nikasikia magari, kisha sauti yake nje ya mlango, ile sauti ya asali.

"Mama yuko kitandani. Tutaingia polepole asishtuke. Nani anashika simu? Nipige picha mimi kwanza, halafu kiti."

Mkubwa akainuka. Nikamwambia, "Kaa. Mgeni anafunguliwa na mwenye nyumba."

Nikaenda kwa mwendo wangu. Wakabisha, nikawaacha wabishe. Nikafika, nikafungua.

Kitinda alikuwa mbele, tabasamu tayari, simu ya mwenzake inamwangaza usoni. Nyuma yake akina mama wa chama fulani wamevaa sare, na kiti cha magurudumu kipya, bado kina nailoni, kimefungwa utepe mwekundu.

Tabasamu likabaki usoni pake limekosa pa kwenda.

"Karibuni," nikasema. "Chai iko tayari."

Mama mmoja wa sare akanisalimia kwa adabu. "Shikamoo. Samahani, tumekuja kumwona mama mgonjwa."

"Marahaba. Ndiye mimi. Mimi nimepona, aliyebaki anaumwa ni huyu."

Kitinda akanong'ona, "Mama, tuongee ndani."

"Tutaongea hapa. Kaa."

"Wapi?"

"Kwenye hicho kiti ulichomletea mama yako. Kaa nimesema."

Akakaa. Nailoni ikalia chini yake. Simu ile bado inapiga picha, na aliyeishika hajui aizime au aendelee.

Nikamuuliza mbele yao, "Daktari gani alipiga simu?"

Akaanza kuuchezea ule utepe wa kiti.

"Nakuuliza, daktari gani aliyesema nikisimama nitakatwa mguu?"

"Hakuna," akasema. Ilitoka kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Nikaigeukia ile simu, nikanyoosha mikono yangu yote miwili waione walioko huko ndani. "Mikono hii ilikuwa mizima siku zote. Mlikuwa mnalia bure."

Wale akina mama waliondoka bila kunywa chai. Kiongozi wao aliniomba radhi, nikamwambia hana kosa. Kiti nikawaambia wakipeleke hospitali, maana pale kwenye benchi nilionana na watu wanaokihitaji kweli.

Tulipobaki wenyewe Kitinda akalia. Kilio cha kweli, hakina wimbo nyuma.

"Watu walikuwa wananisalimia njiani, Mama. Wananijua kwa jina. Wananiita kwenye semina zao niwafundishe kutunza wazazi. Kabla ya hapo nilikuwa nani? Mtoto wa Mama Rangi asiye na kazi. Nilianza na ile ya viatu tu, nikasema utapumzika kidogo halafu utasimama. Ikapendwa. Wakataka nyingine."

Sitasema uongo, ilinichoma. Nikamwona mtoto wangu. Lakini nikaikumbuka pia sakafu ile niliyokalia.

"Ulitaka salamu," nikamwambia. "Ukazilipia kwa miguu yangu."

"Sikudhani utadhoofika hivyo."

"Ulikuwa unanilisha kila siku, nyuso zetu zimekaribiana hivi. Ulikuwa unatazama wapi?"

 Nikamwonyesha vikombe ambavyo havikunywewa, nikamwambia avioshe, kisha akusanye nguo zake.

Amepanga chumba chake sasa. Anapakua mizigo kwenye ghala, kazi ya jasho, na hiyo hapigi picha. Sijamsamehe, msiniharakishe. Anakuja kunitembelea, namruhusu. Mwanzoni alikuwa anausukuma mlango na kuingia. Nikamrudisha nje. Siku hizi anabisha hodi, anasimama barazani, anangoja nifike kwa mwendo wangu. Nikiwa nataka, natembea taratibu zaidi.

Mkubwa ndiye anayeandika haya, mimi nasema. Ananiambia nipunguze ukali. Nimekataa, aandike kama yanavyotoka.

Ninyi mliolia na kutuma mioyo, hakuna hata mmoja aliyeuliza nyonga na kijiko vinahusiana nini. Mliona mzee ameachama, mkaona upendo. Na wewe mwenye mzazi nyumbani, usicheke, huenda huna simu mkononi lakini unafanya yale yale. Unamvua kazi zake moja moja, unaita heshima. Mfungie chuma cha kushika chooni. Ondoa kinachomnasa miguu. Mpeleke kwa watu wa mazoezi, nawe uwasikilize wanachosema. Kisha mpishe.

Akichelewa, ngoja. Haraka ni yako, yeye hana.